Molekuli inayovunjwa na mwanga ilivyotegua sehemu ya kitendawili cha anga za juu

MNAMO 1919, mwanafunzi wa uzamifu kwa jina Mary Lea Heger alikuwa akichunguza mwanga wa nyota katika kituo cha Lick, jimboni California, Marekani, alipokumbana na jambo lisilokuwa na maelezo.

Mwanga wa nyota ukipitishwa katika kioo cha pembe tatu hutawanyika na kuwa safu ya rangi, mfano wa upinde wa mvua. Ndani ya safu hiyo mna mistari ya giza, na kila mstari ni alama ya kitu fulani kilichomeza rangi hiyo njiani kabla ya mwanga kufika duniani. Sodiamu ina mistari yake, kalisi ina yake, haidrojeni vilevile.

Miwili kati ya mistari aliyoiona Heger haikuwa ya kitu chochote kilichojulikana. Ilikuwa katika nanomita 578.0 na 579.7, upande wa rangi ya manjano, na badala ya kuwa myembamba kama mingine, ilikuwa mipana na yenye kingo zisizo dhahiri.

Katika miaka ya 1930, Paul Merrill wa kituo cha Mount Wilson alithibitisha kwamba mistari ya aina hiyo haitoki katika nyota zenyewe. Zipo nyota ambazo huzungukana mbilimbili, na kwa sababu hiyo mistari yake huyumba mbele na nyuma katika safu ya rangi. Mistari hii ya ajabu haikuyumba. Iliyoisababisha, basi, ilikuwa imetanda katika nafasi iliyo kati ya nyota na dunia.

Leo mistari ya aina hiyo inayotambuliwa ni zaidi ya 500. Kwa karibu karne nzima, hakuna hata mmoja uliohusishwa kwa yakini na kitu kinachojulikana. Wataalamu wa nyota walikuwa kama polisi walio na alama za vidole mia tano na hawana mshukiwa hata mmoja.

Hatua iliyobadili hali hiyo ilipatikana mnamo 2015, tena si kwa darubini bali katika maabara ya kemia mjini Basel, Uswisi. Na ilitokana na kuvunja molekuli kwa mwanga.

Ili kuelewa walichofanya wanasayansi hao, sharti kwanza kufahamu yanayoipata molekuli inapomeza mwanga.

Mwanga husafiri kwa vipande vidogo vidogo vya nishati viitwavyo fotoni. Fotoni ya mwanga mwekundu ina nishati kidogo, ya buluu ina zaidi, na ya miale ya urujuanimno, ambayo jicho halioni lakini ngozi huihisi, ina zaidi ya hizo. Wanasayansi hupima nishati hiyo kwa kipimo kidogo kiitwacho elektronivolti.

Molekuli za kaboni, kwa mfano zile zilizomo katika masizi, zimeshikamana kwa vifungo ambavyo kila kimoja huhitaji takriban elektronivolti 4 hadi 5 au zaidi ili kikatike. Kung'oa elektroni moja kutoka kwa molekuli kama hiyo huhitaji kati ya 6 na 10, kutegemea ukubwa na umbo lake. Bensini ya maabara, yenye kaboni 6 zilizopangwa kama pete, huhitaji 9.24.

Molekuli iliyopokonywa elektroni hubaki na chaji chanya, nayo huitwa ioni. Angani hali hii ni ya kawaida mno, kwa kuwa nyota kubwa na changa humwaga miale ya urujuanimno kwa wingi. Hata hivyo, kuna kikomo. Fotoni zenye zaidi ya elektronivolti 13.6 humezwa na gesi ya haidrojeni iliyotapakaa kila mahali, hivyo hazifiki mbali. Zenye nishati ya chini ya hapo husafiri zitakavyo.

Mtu angedhani kwamba fotoni ya elektronivolti 10 ikiipiga ioni yenye vifungo vya elektronivolti 5, kifungo kimoja kitakatika papo hapo. Sivyo.

Nishati hiyo hupokelewa na elektroni. Katika muda mfupi mno, chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde, huwa imekwisha kuhamia katika mtikisiko wa molekuli nzima. Vifungo vyote huanza kutetema, kunyooka na kupindana. Kwa maneno mengine, molekuli imepata joto.

Hapo idadi ya njia za kutetema ndiyo huamua hatima yake. Bensini ina njia 30. Molekuli yenye kaboni 60 ina njia 174.

Chukua mfano wa chama cha akiba ambacho wanachama wake hupeana fedha mkono kwa mkono bila kukoma wala utaratibu. Chama chenye watu 3 kikiwa na shilingi 1,000, haitachukua muda kabla ya mmoja kujipata ameshika shilingi 800. Chama chenye watu 174 na shilingi zile zile 1,000 kitazizungusha kwa muda mrefu sana kabla ya hilo kutokea. Kifungo hukatika pale tu kiasi cha kutosha cha nishati kinapokutana, kwa bahati, mahali pamoja.

Ndiyo maana molekuli ndogo hupasuka mapema ilhali kubwa huweza kustahimili fotoni ile ile bila kudhurika. Aidha, molekuli kubwa ina njia nyingine ya kujiokoa: inapotetema hutoa miale ya infraredi, yaani joto lisiloonekana, na kwa muda wa sekunde chache huwa imepoa. Ni mashindano ya mbio kati ya kupoa na kuvunjika.

Huko angani gesi ni nyembamba kiasi kwamba molekuli hukaa muda mrefu bila kugongwa na nyingine, kwa hivyo hakuna wa kuipoza isipokuwa mwanga wake yenyewe. Mwanga huo wa infraredi huonekana kwa darubini kutoka pande nyingi za anga, hasa katika maikromita 3.3, 6.2, 7.7, 8.6 na 11.3. Wataalamu huuhusisha na jamii ya molekuli zinazojulikana kwa kifupi kama PAH, ambazo ni pete za kaboni zilizounganishwa bapa kama vigae vya sakafu, kingo zake zikiwa na atomu za haidrojeni.

Molekuli hizi si ngeni kwa Mkenya yeyote. Zimo katika moshi wa kuni unaojaa jikoni, katika moshi wa magari ya dizeli na katika sehemu zilizoungua za nyama choma. Mojawapo, bensopireni, imeorodheshwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Angani hazina wa kumdhuru.

Mbio hizo zikishindwa, molekuli huanza kumeguka, na humeguka kwa utaratibu. Kwanza hutoka haidrojeni za kingoni, moja moja au mbilimbili. Wakati mwingine hubanduka kipande chenye kaboni mbili na haidrojeni mbili, ambacho ni asetilini, gesi ile ile wanayotumia mafundi wa jua kali kulehemu. Baadaye ndipo hufuata mifupa yenyewe ya kaboni.

Watafiti katika chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliripoti mnamo 2014 kwamba waliinasa ioni ya molekuli yenye kaboni 66 na haidrojeni 26, wakaipiga leza mara kwa mara. Haidrojeni zote zilipukutika. Kisha kaboni zikaanza kutoka mbilimbili, na mwishowe miongoni mwa mabaki ikatokea ioni moja iliyojitokeza kwa wingi kuliko jirani zake: yenye kaboni 60 kamili.

Idadi hiyo haikuwashangaza. Kaboni 60 ni jina lenye historia.

Mnamo Septemba 1985, Harold Kroto wa chuo kikuu cha Sussex, Uingereza, alisafiri hadi chuo kikuu cha Rice mjini Houston, Marekani. Huko, pamoja na Robert Curl, Richard Smalley na wanafunzi wao, walilipua grafiti kwa leza wakitaka kuona iwapo minyororo mirefu ya kaboni inayoonekana karibu na nyota fulani ingeweza kuundwa katika maabara. Waliipata minyororo hiyo. Lakini mashine yao ya kupima uzito wa molekuli ilionyesha kilele kirefu mahali ambapo hawakukitarajia, penye uzito wa 720, yaani kaboni 60.

Umbo walilopendekeza ni lile la mpira wa kandanda wa zamani, wenye vipande 12 vya pembe tano na 20 vya pembe sita. Waliiita molekuli hiyo kwa jina la mbunifu wa majengo Buckminster Fuller, aliyesifika kwa mapaa yake ya mviringo. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mnamo 1996.

Kikosi cha Rice hakikuishia hapo. Kilizipiga ioni za mpira huo kwa leza na kubaini kuwa ni ngumu ajabu kuvunja. Zilipokubali kumeguka, zilitoa kaboni mbilimbili kila mara, 60 zikawa 58, zikawa 56, mpira ukijifunga upya kila ulipotobolewa. Hali hiyo iliendelea hadi kaboni 32, ambapo mpira uliobanwa kupita kiasi ulisambaratika kabisa. Kutoa jozi ya kwanza pekee huhitaji takriban elektronivolti 10, na kwa kuwa nishati hiyo husambaa katika njia 174, fotoni moja ya nyota haitoshi.

Kitu kinachostahimili hivyo ndicho hasa mtu angetarajia kukikuta kikielea kati ya nyota. Kroto mwenyewe alilitaja hilo mapema: huenda ioni ya kaboni 60 ndiyo inayosababisha baadhi ya mistari ya Heger.

Wazo zuri, lakini sayansi haiendeshwi kwa mawazo mazuri tu. Ilihitajika kupima katika maabara ni rangi zipi hasa ambazo ioni hiyo humeza, kisha kulinganisha na za angani.

Mnamo 1993, John Maier na wenzake mjini Basel walizigandisha ioni hizo ndani ya barafu ya gesi ya neoni na kuona mistari miwili mikubwa, mmoja karibu na nanomita 958 na mwingine kati ya 964 na 965. Mwaka uliofuata, Bernard Foing na Pascale Ehrenfreund waliitafuta angani na kuripoti mistari miwili, katika 957.7 na 963.2.

Ilikaribiana. Haikulingana. Barafu ya neoni huibana ioni na kusogeza mistari yake kidogo, na hakuna aliyejua kwa hakika ilisogezwa kwa kiasi gani. Katika fani hii tofauti ya nusu nanomita ni kubwa, kwa kuwa mistari ya angani ni mingi na mtu akitafuta karibu-karibu hatakosa kitu. Wakosoaji walikuwa na haki ya kutoridhika.

Kilichohitajika ni kupima ioni ikiwa peke yake, kwenye ombwe na katika baridi ya angani. Hapo ndipo kazi ilipokwama kwa miaka zaidi ya 20.

Ugumu wa kwanza ni kwamba ioni zenye chaji ya aina moja husukumana, hivyo haziwezi kurundikwa mahali pamoja. Zinazonaswa ni chache mno kuweza kupunguza mwanga wa leza kwa kiasi kinachopimika. Ni kama kutaka kujua iwapo mbu mmoja amepita mbele ya taa ya uwanja wa Kasarani kwa kutazama iwapo uwanja umepata giza.

Njia ya kawaida ya kukwepa tatizo hilo ni kutoupima mwanga, bali kuihesabu molekuli. Ioni ikimeza mwanga na kuvunjika, uzito wake hubadilika, na mashine za kupima uzito huweza kuhesabu hata ioni chache. Kila inapovunjika, imekiri kwamba imeimeza rangi hiyo.

Lakini hapa ulikuwapo ugumu wa pili. Mwanga wa nanomita 958 una takriban elektronivolti 1.3 tu. Mpira wa kaboni 60 unahitaji makumi ya elektronivolti ili uvunjike kwa haraka inayoweza kupimika. Utaumeza mwanga huo, utapata joto kidogo, utapoa, na hakuna atakayejua.

Ufumbuzi ulitokana na mtego uliobuniwa na Dieter Gerlich, mwanafizikia wa Ujerumani. Ni boma la fito 22 za chuma zilizopangwa kwa duara, ambazo hupewa umeme unaobadilika kwa kasi ili ioni zisigonge ukuta. Ndani ya boma hilo huingizwa heliamu baridi, na ioni hupozwa hadi nyuzi 5.8 juu ya sufuri halisi, takriban 267 chini ya sufuri katika kipimo cha kawaida.

Katika baridi hiyo, hata heliamu, gesi isiyoshikana na kitu chochote, hutua juu ya ioni ya kaboni na kubaki hapo. Uzito unaongezeka kutoka 720 hadi 724.

Kifungo kati ya heliamu na mpira huo ni dhaifu mno. Sehemu ndogo sana ya elektronivolti yatosha kukikata. Kwa hivyo, leza inapokuwa katika rangi isiyofaa, hakuna kinachotokea. Inapofika katika rangi ambayo ioni huimeza, nishati ile ya 1.3 inageuka mtikisiko, heliamu inarushwa, na hesabu ya ioni zenye uzito wa 724 inashuka.

Heliamu, kwa ufupi, ni kama ndege aliyetua juu ya tawi. Anayetazama kwa mbali haoni tawi likitikisika, ila humwona ndege akiruka.

Ewen Campbell, Mathias Holz, Gerlich na Maier walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature mnamo Julai 2015. Mistari miwili mikuu ilikuwa pale pale Foing na Ehrenfreund walipoiona angani mnamo 1994. Usogezaji unaosababishwa na heliamu yenyewe ulipimwa baadaye na kuonekana kuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya nanomita. Aidha, maabara ilionyesha mistari mingine miwili iliyo hafifu zaidi, karibu na nanomita 936.6 na 942.8, ambayo ilipaswa pia kuwapo angani iwapo madai yalikuwa ya kweli.

Wakati huo, uwepo wa kaboni 60 isiyo na chaji ulikuwa umekwisha kuthibitishwa karibu na nyota. Jan Cami na wenzake walikuwa wameiona mnamo 2010 katika wingu liitwalo Tc 1 kwa darubini ya Spitzer, kupitia miale yake ya infraredi. Lakini kuwapo kwa mpira karibu na nyota moja inayokufa si sawa na kuwapo kwa ioni yake katika nafasi nzima iliyo kati ya nyota.

Isitoshe, si wote waliokubali. Baadhi ya wataalamu wa nyota walisema nguvu za mistari ile miwili mikuu hazikwenda sambamba kutoka nyota hadi nyota, jambo lisilowezekana ikiwa inatokana na molekuli moja. Wengine walisema mistari hafifu haionekani kabisa.

Tatizo ni kwamba eneo hilo la rangi humezwa pia na mvuke wa maji uliomo katika hewa ya dunia. Anayetazama kutoka ardhini anatazama kupitia pazia lililotoboka-toboka, na kila mmoja hulishona kwa namna yake. Ubishi wa aina hiyo hauwezi kumalizwa kwa hoja.

Ulipunguzwa kwa kuhama. Mnamo 2019, kikosi kilichoongozwa na Martin Cordiner wa shirika la NASA kilichapisha vipimo vilivyochukuliwa kwa darubini ya Hubble, iliyo nje ya hewa ya dunia. Mistari hafifu ilionekana, mahali ilipotarajiwa.

Kroto, aliyefariki Aprili 2016, aliwahi kuyaona matokeo ya Basel. Smalley hakuwahi, alifariki 2005.

Mbinu ya kuvunja ili kutambua haitumiki angani pekee. Mwaka 2004, zaidi ya watu 100 walipofariki nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, kutokana na mahindi yenye sumu ya aflatoksini, suala la kupima chakula liliacha kuwa la wataalamu tu. Mojawapo ya njia za uhakika za kuipima sumu hiyo ni kuigeuza ioni na kuivunja. Aflatoksini B1, yenye uzito wa 313 ikiwa ioni, hutoa vipande vya 285 na 241. Kitu kingine kinaweza kuwa na uzito wa 313, ila si rahisi kivunjike vivyo hivyo. Huko hutumika mgongano na gesi badala ya mwanga, lakini kanuni ya nishati kusambaa na kutafuta kifungo kilicho dhaifu ni ile ile.

Nako angani, mwanga unaovunja ndio pia unaojenga. Mnamo 2023, darubini ya James Webb iligundua ioni ndogo yenye kaboni moja na haidrojeni tatu katika diski ya vumbi inayoizunguka nyota changa kwenye wingu la Orion, takriban miaka-nuru 1,350 kutoka hapa. Ioni hiyo haishughuliki na haidrojeni iliyojaa kila mahali, bali huungana na molekuli nyingine na kuanzisha zile kubwa zaidi. Watafiti walisema miale ya urujuanimno kutoka nyota za jirani ndiyo inayotoa nishati ya kuiunda, miale ambayo kwa kawaida hulaumiwa kwa kuharibu.

Hadi sasa, ioni ya kaboni 60 ndiyo pekee iliyokubalika kwa upana kuwa chanzo cha mistari ile iliyoenea angani, nayo inaeleza michache tu kati ya zaidi ya 500. Maabara mbalimbali zinaendelea kuzijaribu ioni za jamii ya PAH kwa mbinu hiyo hiyo ya heliamu, moja baada ya nyingine, na orodha ya zinazosubiri ni ndefu.

Ile miwili aliyoiona Heger mnamo 1919, ya 578.0 na 579.7, bado haijapata mwenyewe.